Kibao Kilichopita Motoni

Nianze na kikombe, maana kikombe ndicho kilichotoka kizima.

Kilikuwa cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, ua jekundu ubavuni. Vikombe vya namna hiyo kila nyumba ya kwetu inavyo, vimebanduka hapa na pale na bado vinanywewa uji. Kilikuwa cha rafiki yangu. Siku duara, shimo letu la dhahabu, lilipotufunika, watu walikuwa wananivuta mimi kwa kamba kutoka kwenye tope, na ndoo za udongo zinapanda kabla yangu, na katika ndoo moja kikapanda kikombe. Mtu akakimwagia maji, akakiweka pembeni. Nimelala pale mguu umepondeka, nimegeuza uso, nakiona. Kimebonyezwa na mwamba, lakini ua ni jekundu vilevile. Mwenye kikombe hakupanda. Wala wenzetu wawili waliokuwa mbele yake. Wako huko mpaka leo, porini upande wa Geita.

Watu wanasema duara lilianguka. Mimi sisemi hivyo. Mwenye duara alitoa matimba, yale magogo tunayosimamishia kuta na dari huko chini, akayapeleka kwenye shimo lake jipya ng'ambo ya kijito, kwa kuwa huko rashi, watu kukimbilia dhahabu mpya, ilikuwa imeanza na miti ilikuwa adimu. Msimamizi wake ndiye aliyeshuka na watu kuyang'oa. Ndiye pia aliyetuambia asubuhi ile, "Mwamba wa huko unajishikilia wenyewe, shukeni." Na mwenyekiti wa kikundi chetu, tuliyemchagua atusemee, alikuwa amekaa palepale na soda yake mkononi, akanyamaza. Alipokuja kuulizwa na wakubwa alisema matimba yalikuwepo. Basi ni hao watatu. Hapa nawataja kwa vyeo vyao. Majina yao yako mahali pengine, nitafika.

Ndugu wa marehemu walisimamisha msalaba wa mbao mdomoni mwa duara. Mchwa wakaula. Tukaweka bati la kuezekea, tukaliandika kwa rangi ya mafuta. Jua likapausha nusu, na nusu iliyobaki msimamizi akaipitishia tambara lenye dizeli. Ikafutika kama kamasi.

Lakini hakuling'oa, na hili lazima nilieleze kwa asiyetujua. Mchimbaji wa kwetu, hata yule ambaye kanisa analiona kwa mbali tu, hagusi alama ya mtu aliyefukiwa. Atapita kando, mkono wake hautaing'oa. Wanaamini dhahabu inahama. Utavunja mwamba mpaka uzeeke hutaona hata kumeta. Mwenye duara anaamini kuliko wote, maana ndiye mwenye cha kupoteza. Kwa hiyo hawang'oi. Wanafuta. Kwa akili yao, kufuta si kung'oa.

Mguu wangu haushuki ngazi tena. Nilihamia Nyahanga, nikapata kazi mjini Kahama kwenye kibanda cha mchomaji, mtu anayeyeyushia watu dhahabu. Ni mfupi, kifua kama pipa, mdomo haufungi. Ananiita shemeji kwa kuwa mke wangu ni wa kijijini kwao. Mimi napuliza moto, yeye anapuliza maneno.

Hapo kibandani ndipo nilipoipata habari. Mteja mmoja, mwanaume wa miaka kama thelathini hivi, alikuja na punje yake, akawa anasimulia kwamba wanatafutwa watu wa kushuka kwenye duara la zamani kule porini, lilelile letu. Bei imepanda, mwenyewe anavuta maji kwa pampu, karibu anafungua.

Nikamuuliza, "Umeambiwa kuna nini chini?"

"Nimeambiwa kuna mwamba mzuri, mzee."

Akacheka. Meno yake yote yalikuwa mazima. Kuanzia hapo nilikuwa na kazi moja tu: kabla mtu mwingine hajashuka kwenye lile shimo, asome pale mdomoni ni nani wako chini na ni nani alitoa miti. Na iandikwe kwa kitu ambacho tambara la dizeli halikiwezi.

Kitu hicho nilikuwa nakinywea chai.

Kuyeyusha dhahabu kunataka boraksi, unga mweupe kama chumvi, unaokusanya uchafu na kuugeuza kioo. Ikimwagika kwenye chuma chenye moto inashika. Nondo yangu ya kuchokorea mkaa ilikuwa na doa la kioo la kijani. Nililipiga nyundo, nikalimwagia maji ya betri, nikaiacha nondo nje msimu mzima wa mvua. Doa halikubanduka. Siku nilipopata ile habari nilikaa na kikombe cha marehemu mkono huu na nondo mkono huu, nikaangalia kimoja, nikaangalia kingine. Nikaona ni kitu kimoja. Ni kioo kilichoshikana na chuma motoni.

Mke wangu akamwomba jirani atutafutie kwenye simu yake. Tukaona mikono ya watu wa mbali ikipepeta unga wa kioo juu ya chuma, ikichoma, ikitoa kitu kinachong'aa kama maji. Wanaita enameli. Maneno hatukuyaelewa, mikono tuliielewa.

Unga wenyewe Kahama hauuzwi. Lakini Kahama umejaa: uko kwenye mabeseni yaliyotoboka, sufuria zilizopasuka masikio, sahani za bibi zilizotupwa nyuma ya choo. Mke wangu akapita nyumba kwa nyumba kuomba vyombo vibovu, mimi nikawa navigeuza na kuvipiga nyundo kwa nyuma, rangi inaruka vipande vipande. Funga macho, la sivyo utatafuta jicho lako mchangani. Nikatenga weupe peke yake, buluu peke yake, na kile cheusi cha chini kabisa ambacho ndicho kinachoshika chuma. Nikaponda kwenye kinu cha chuma kile tunachopondea mawe ya dhahabu. Nikapitisha sumaku kutoa vumbi la chuma, nikaosha kwenye karai kwa kuzungusha, kama ninavyoosha mchanga wa dhahabu. Tofauti ni kwamba safari hii kilichobaki kwenye karai ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta, na hakuna mwenye duara aliyesimama nyuma yangu kukichukua.

"Shemeji," mchomaji akasema, "umeanza kuchimba mabeseni. Kesho utapasua sinki la mwenye nyumba."

"Nipe boraksi, uache kelele."

Chuma cha kwanza nilichotumia kilikuwa bati la kuezekea. Likatoa moshi mweupe, kioo kikavimba mapovu kama mandazi, na mimi nikakohoa siku nzima, mwili unanitetemeka kama nina malaria. Ile dawa inayopakwa bati lisipate kutu ndiyo iliyokuwa inachemka. Nikahamia kwenye pipa la mafuta. Nililikata, nikalichoma mpaka harufu ikaisha, nikalisugua kwa mchanga na ndimu mpaka nikaona uso wangu. Hapo kioo kikashika, ila chuma kikajikunja kama jani la tumbaku, na kilipopoa kioo kikaruka. Nikaja kujua kwamba mgongo nao unataka kupakwa. Ukipaka upande mmoja, upande mmoja unavuta. Hayo yote nimeyajifunza kwa kuharibu, na sijuti hata kipande kimoja, maana nilikuwa nahesabu kila kipande kama hatua kuelekea lile shimo.

Gundi ya kushikia unga nilitoa kwenye mgunga, ule utomvu tuliokuwa tukiutafuna tukichunga. Unaloweka, unapaka mwepesi, unapepeta unga juu kwa kitambaa cha chandarua, unaacha ukauke juani. Kwanza cheusi, unachoma. Halafu cheupe, unachoma. Halafu buluu juu ya cheupe, na kabla ya kuchoma unachukua njiti ya kiberiti na kuikwangua ile buluu kavu kwa umbo la herufi, mpaka weupe wa chini uonekane. Ukipumua vibaya umefuta neno. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hiyo herufi zangu ni kubwa na zimesimama kila moja kivyake. Lakini zinasomeka.

Neno ndilo lililotupa shida nyumbani.

"Andika waliokufa," mke wangu akasema. "Andika, weka msalaba, inatosha. Ukiandika walioua, sisi tutakwenda kuishi wapi?"

"Hapahapa."

"Hapahapa na nani? Yule mtu ana magari. Wewe una mguu mmoja na nusu."

Alikuwa anasema kweli, na mimi sikuwa tayari kuifuata. Tukanuniana. Tukaenda Bukombe pamoja tukiwa tumenuniana, kwa mama wa rafiki yangu, maana kibao bila ruhusa yake kisingekuwa na maana. Mama huyo ni mtu wa rozari, mgongo umeinama kwa jembe. Alitukuta mlangoni akatutazama sana.

"Shikamoo, mayu," nikasema, ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Mbona mmekuja kila mtu na uso wake?"

Nikamweleza. Mke wangu naye akaeleza upande wake, vizuri kuliko mimi. Mama akasikiliza huku anachambua choroko. Akamaliza ungo mzima ndipo akasema.

"Jina la mwanangu Mungu analo. Hata usipoliandika hatalisahau. Andika la yule aliyetoa matimba."

Mke wangu akasogea, akashika ungo wa pili akaanza kuchambua naye. Tukalala huko, na njiani kurudi ndiye aliyekuwa ananipangia mistari: wa chini ya mwamba kwanza, wa juu ya ardhi baadaye, na katikati neno matimba kwa herufi kubwa.

Tanuru tulijenga nyuma ya kibanda, matofali ndani yamepakwa udongo wa kichuguu, mkaa pembeni, sanduku la chuma katikati ili majivu yasiangukie kazi, na feni ya kupulizia. Kibao kilikuwa na ukubwa wa sinia. Nilichoma cheusi kikatoka. Nilichoma cheupe kikatoka kizuri mpaka mke wangu akakigusa shavuni kilipopoa. Siku ya buluu niliukwangua mchana kutwa, shingo imekaza. Tukakiingiza. Unachungulia kwenye tundu: kwanza unga unakuwa kama sukari, halafu kama ngozi ya chungwa, halafu unalainika na kumeta, na hapo usichelewe. Nikakitoa kwa koleo. Kimekuwa chekundu chote, na herufi ndani yake zinawaka kama zinasemwa. Mguu wangu ukayumba.

"Nipe, nipe, utaanguka!" mchomaji akadaka koleo.

Na alichofanya baada ya hapo ni kitu ambacho amekifanya maisha yake yote. Dhahabu ikitoka motoni unaitia kwenye ndoo ya maji. Inasema chwii, unaitoa, unampa mwenyewe. Mkono wake haukumwuliza kichwa. Akageuka akakitia kibao kwenye ndoo.

Kililia kama risasi. Maji yakaruka mpaka kwenye paa. Alipokitoa kilikuwa chuma cha pipa, na chini ya ndoo kuna mchanga wa buluu na weupe.

Sikumpiga. Nilitaka. Yeye mwenyewe alikaa chini, kwa mara ya kwanza tangu nimjue mdomo umefungwa, anatazama mikono yake.

"Shemeji," akasema mwishoni, "hii mikono ya dhahabu ni mijinga."

"Ya dhahabu yote ni mijinga," nikamwambia. "Chota huo mchanga. Tunaanza."

Mchanga wa kwenye ndoo ulishachanganyika, ukawa wa kijivu. Ulifaa kwa mgongo tu. Weupe ulikuwa umeisha, Nyahanga nzima imeshatoa mabeseni yake, na yule mteja wa meno mazima alikuwa amepita kuaga: maji yamekwisha kuvutwa, wiki inayofuata wanashuka. Mke wangu akapiga simu Bukombe. Mama akaja na basi, ameshika beseni kubwa jeupe, zima, lenye ukwaruzo mdogo tu ukingoni. Nikasita. Beseni zima hulipigi nyundo hivihivi.

"Mayu, hili bado linafaa."

"Linafaa nini? Nilimwoshea mwanangu humu, nimemaliza. Piga."

Nikapiga. Aliketi palepale na kila kipande kilichoruka mbali aliinama akakiokota.

Kibao cha pili kilitoka na doa moja kwenye kona, kama tone la chai. Nikalipenda. Mchomaji alisimama mbali na mikono imefungwa mgongoni kwa kanga ya mke wangu, yeye mwenyewe aliomba afungwe, tukacheka mpaka mama akacheka. Kibao kikapoa polepole juu ya majivu, kwa mwendo wake.

Tulikodi gari tukaenda sisi wanne, na saruji, na kibao kimefungwa kwenye blanketi. Mdomoni mwa duara kulikuwa na watu wamekaa na tochi zao kichwani, wanasubiri kamba. Mama ndiye aliyekishika wakati nakisimika kwenye jiwe, kwa parafujo nne na saruji. Hakuna aliyetugusa, maana walijua ni mama wa nani. Msimamizi akaja kwa haraka, amenenepa.

"Mzee, naona umeleta sinia. La kulia nini?"

"La kwako," mchomaji akamjibu. "Soma, umeandaliwa."

Akasoma. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alipofika kwenye jina lake midomo ikasimama. Akaenda kando na simu, akaongea, akarudi na kopo la rangi nyeusi ya mageti na brashi. Hakukigusa kibao kwa mkono, alinyoosha brashi kwa mbali kama mtu anayelisha mbwa mkali, akapaka mpaka kila herufi ikazama. Akatabasamu.

"Haya. Kimetulia."

Nilisubiri rangi ishike. Mke wangu akaokota nyasi kavu na vijiti bila kuambiwa, mchomaji akatoa mkaa uliobaki kwenye gari, akaumwaga juu yake. Nikawasha moto mbele ya jiwe, mdogo, nikaupandisha taratibu, maana kioo hakitaki kushtuliwa. Rangi ya geti ikaanza kutoa moshi, ikavimba, ikajikunja ikadondoka kama magamba ya kidonda. Na nyuma yake ikatoka buluu. Halafu herufi moja, nyeupe. Halafu neno. Watu wa kamba walikuwa wamesimama wote.

Hapo msimamizi akaona majina yanarudi. Akaikimbilia ndoo ya maji ya kunywa, akainyanyua auzime moto.

Nilijua sauti ambayo kioo kingetoa, nilishaisikia. Ila mchomaji alikuwa ameshafika. Akaikumbatia ndoo kwa kifua chake chote, maji yakamlowesha mpaka viatu, wakavutana kama watoto wanaogombea kuku, na yeye anapiga kelele, "Maji hapana! Maji hapana, bwana! Hayo nimeshayafanya mimi!" Ndoo ikabaki kwake, na maji nusu.

Moto ukafa wenyewe. Nikafuta majivu kwa mkono wa shati. Kilikuwa safi kuliko kilivyoingia. Watatu wako pale, juu. Katikati neno matimba. Chini watatu wengine: mwenye duara, msimamizi, mwenyekiti. Anayetaka majina aende akasome, mimi nimeshayaandika mara moja na sina haja ya kuyarudia kwenye karatasi, karatasi inaungua.

Mama aliomba maji. Nikatoa kikombe kwenye mfuko wa koti, mchomaji akamchotea kutoka kwenye ile nusu ndoo. Wakati anakunywa, yule wa meno mazima alikuwa amechuchumaa mbele ya kibao, kidole chake kinafuata mstari wa katikati bila kugusa. Akainuka. Akamtazama msimamizi.

"Bosi, miti ya humu iko wapi?"

Msimamizi akasema mwamba wa huko unajishikilia wenyewe. Maneno yaleyale, hakubadilisha hata moja.

Yule mtu akavua tochi kichwani, akakaa chini. Wa pembeni yake naye akakaa. Kamba ikabaki imening'inia. Sisi tukajipakia kwenye gari, mchomaji ananuka maji na moshi, analalamika viatu vyake, na nilipogeuka nyuma walikuwa bado wamekaa wote, wanangoja miti.